Kula Mara Sita

Nilipopasuliwa Eldoret mapema mwaka wa 2012 walinikata mara mbili. Kwanza walikata shanga zangu kwa makasi, halafu wakakata tumbo. La tumbo waliniambia mapema, na nikaandika jina langu kwenye karatasi kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto, kwa sababu shule yangu iliisha darasa la tatu. La shanga hakuna aliyeniuliza. Nilipoamka nilishika shingo kabla ya kushika kidonda. Shingo ilikuwa tupu.

Watu husema saratani ya tumbo inatoka kwa Mungu tu, haina wa kulaumiwa. Labda kuanza ilianza yenyewe. Lakini kukaa ndani yangu mpaka ikawa kubwa vile, na karibu kuniua hata baada ya kutolewa, hayo yana wenyewe, na nitawataja. Majina yao siandiki. Kakuma ni ndogo, watajijua.

Wa kwanza ni mwenye duka la dawa, yule ambaye mlango wake unatazamana na mashine ya kusaga. Miaka miwili nilimwambia chakula kinasimama hapa chini ya kifua na hakishuki. Miaka miwili aliniuzia tembe nyeupe za kutafuna, ladha ya chaki.

“Ni asidi tu, mama,” alikuwa akisema. “Punguza pilipili.”

Mimi ni Mturkana. Pilipili ningeijulia wapi?

Wa pili ni mume wangu. Alikuwa Longech, kule ziwani, kwa kazi ya samaki, na aliposikia mke wake ametolewa tumbo lote, alikaa huko huko. Alituma salamu na gunia la samaki kavu. Baadaye nikasikia kuna mwanamke anampikia. Huyo ana tumbo, nadhani.

Wa tatu tunaishi naye boma moja mpaka leo. Ni wifi yangu, dada wa huyo mume. Na yuko wa nne, wa kliniki ya Lodwar, yule aliyekuwa akiandika bila kuinua macho. Nitawafikia.

Daktari aliyenipasua hayumo kati ya hao. Alikuwa kijana mpole. Siku ya kuniruhusu kwenda nyumbani alinichorea: koo hapa, utumbo hapa, tumekuunganisha hivi. Nilimwambia, “Daktari, mimi nimechinja mbuzi maisha yangu yote, na sijaona mbuzi akitembea bila tumbo. Na yeye amepewa vyumba vinne. Mimi nilikuwa na kimoja.”

Alicheka. “Wewe utatembea,” akasema. “Lakini sikiliza. Kila mwezi uende kliniki Lodwar upimwe uzito. Kila miezi mitatu sindano ya vitamini, mpaka mwisho wa maisha yako, kwa sababu tumbo ndilo lilikuwa linakusaidia kuipata kwenye chakula. Na chakula ule mara sita kwa siku, kidogo kidogo, utafune sana. Usinywe maji katikati ya kula. Sukari uiache. Ukimaliza miaka mitano bila ugonjwa kurudi, hapo tutaanza kusema umepona.”

Nilihesabu kwa vidole. Miaka mitano ilinifikisha 2017. Niliona ni mbali kama Nairobi kwa miguu.

Sindano sikuiogopa. Ile dawa ni nyekundu, inapendeza kwa macho. Sukari iliniuma zaidi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuuza chai, na chai ya kwetu bila sukari nyingi mteja anaimwaga mbele yako. Nilijaribu kikombe kimoja tu, wiki ya kwanza kurudi. Moyo ulikimbia kama nimefukuzwa, jasho likanitoka, nikalala chini karibu na jiko huku mteja mmoja, mama Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi, akinipepea na kitambaa chake.

“Mama, hii chai yako ni ya kuua batu,” akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, batu ni watu. Tangu hapo alinunua chai yangu kila siku, na kila siku alisema maneno yale yale.

Lakini mara sita. Nataka msomaji wa mbali aelewe hapa, maana hapa ndipo nilipopotea.

Kwetu mtu hali peke yake. Kama kuna chakula, sufuria inakuja katikati, na aliyeko anakula. Anayepita akisema “nakinai,” yaani nipe, unampa, na hakuna aibu kuomba. Aibu ni ya anayenyima. Na siku nyingi sufuria inakuja mara moja tu, mchana au jioni. Sasa mimi nikarudi kutoka Eldoret na karatasi inayosema saa moja uji, saa nne yai, saa saba samaki, saa kumi tena, saa moja jioni tena, na kabla ya kulala tena. Katikati ya watu wanaokula mara moja. Ni nani anakula mara sita? Ni mtu aliyeficha kitu.

Wiki ya kwanza walinivumilia kama mgonjwa. Wiki ya tatu, wifi alipita nikiwa nyuma ya pazia na kijiko mdomoni.

“Wifi, ejok,” akanisalimia.

“Ejok.”

“Unatafuna?”

“Ni yai tu.”

“Asubuhi nilisikia kijiko. Sasa nasikia kijiko. Hilo tumbo walikutoa au walikuongeza lingine?”

Wanawake waliokuwa nje walicheka. Mimi pia nilicheka, na hiyo ndiyo sumu, kwamba nilicheka. Jioni wifi aliambia watoto wa boma, kwa sauti ya kunifikia, “Msimsumbue mama yenu, anakula saa zake za ofisi.”

Nilijaribu kula nikiwa nimelala, nimejifunika shuka. Nilijaribu kubeba samaki aliyepondwa kwenye kitambaa na kula nikienda kuchota maji, lakini njia ya maji ina watu, na kila mtu ana pua. Mwishowe nikaacha. Nikaanza kukaa kwenye sufuria pamoja na wengine, mara moja, kama mtu. Na kwa sababu sikuwa na pa kuweka chakula, vijiko vitano tu vilinijaza mpaka shingoni, kisha tumbo ambalo halipo likaniuma. Wifi aliniona nikila nao, akanisogezea mnofu. “Sasa umerudi nyumbani,” akasema. Alisema kwa upendo. Siwezi kumsamehe huo upendo.

Miezi hiyo hiyo shanga zangu zilikuwa zinarudi. Mwanamke wa kwetu akionekana bila shanga watu wanauliza ni nani amekufa, na mimi nilichoka kujibu kwamba ni mimi, nusu. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Lokitaung na shanga za marehemu mama yetu, akanifunga mistari ya kwanza, nyekundu na nyeusi, akaipaka mafuta. Jirani akaleta mistari yake. Hata mama Mkongomani alileta za plastiki za manjano, nikazivaa kwa heshima yake. Kila mwezi shingo ilijaa kidogo.

Na kila mwezi nilipanda mizani Lodwar.

Aliyekuwa anapima ni kijana wa kutoka huko kusini, ambako sisi wa Turkana tunakuita Kenya, nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Huyu ndiye wa nne. Alikuwa anasema, “Panda,” akitazama kitabu. Mizani ikisimama, anaandika, anasema, “Shuka.” Hajui uso wangu mpaka leo. Mwezi wa kwanza aliandika arobaini na sita. Mwezi uliofuata arobaini na sita na nusu. Baadaye arobaini na saba. Daktari wa kliniki aliangalia kadi na kusema, “Mama, unaendelea vizuri kabisa. Chakula kinaingia.”

Niliamini, Mungu ananiona. Kadi ni ya serikali, ina mhuri. Sketi ilikuwa inaanguka kiunoni, nikaikunja mara mbili na kufunga kamba, na bado niliamini kadi kuliko kamba. Ilichukua muda kabla sijajua ni nini kilikuwa kinapimwa. Na siku nilipojua, karibu na Krismasi, sikusema. Naandika hili kwa sababu nimewataja wengine na si haki nijiruke. Nilijua, na mwezi uliofuata nikamwomba dada yangu mistari mingine sita ya shanga. Sikutaka daktari aniulize ninakula mara ngapi.

Halafu ukaja mwaka wa kura, 2013. Baada ya kura yule kijana wa kalamu mbili alihamishwa, na nilipofika kliniki nikamkuta sista mpya, mnene, Mturkana wa hapo hapo Lodwar. Hakusema panda. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akarudi shingoni.

“Ejok, mama.”

“Ejok.”

“Vua hizo.”

“Hizi hazivuliwi,” nikamwambia. “Wewe ni wa kwetu, unajua.”

“Najua. Mama yangu alikuwa nazo mpaka masikioni. Ndiyo maana nakwambia vua.”

“Nani amekufa nivue?”

“Hakuna. Tunataka iendelee hivyo.”

Tulibishana mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa alisema, “Binti, mpime na shanga, mimi nipimwe na fimbo, twende nyumbani.” Watu walicheka, lakini sista alinyoosha mkono na kungoja, kama mtu anayengoja mtoto ateme kitu. Nikavua. Ilichukua muda, mafuta yameshikana na nywele. Alizipima kwanza zenyewe, kwenye beseni. Kilo nane kasoro kidogo. Kisha akanipandisha mimi. Thelathini na tisa na nusu.

Alifungua kadi, akaangalia zile namba nzuri zote, moja baada ya nyingine. Hakunikemea. Hiyo ndiyo ilinitisha.

Daktari wa kliniki aliitwa. Alinibonyeza chini ya mbavu, akaangalia ndani ya kope, akatazama ukutani. “Mama,” akasema, “mtu aliyetolewa saratani akipungua hivi, jambo la kwanza tunalofikiria ni kwamba imerudi. Sijasema imerudi. Lazima uende Eldoret waingize kamera.”

“Watanipasua tena?”

“Inategemea kamera itaona nini.”

“Unakula mara ngapi?” sista akauliza.

“Sita,” nikasema.

Gari la Eldoret lilikuwa kesho yake, kwa hiyo nililala Lodwar kwa mtu wa ukoo. Asubuhi nilirudi kliniki kuchukua barua ya kupeleka. Sista alikuwa amekaa kwenye benchi nje, anakula andazi kabla ya kazi. Aliponiona alilikata, akanipa nusu, kama tunavyofanya. Nikatafuna. Nilitafuna hiyo nusu kwa muda ambao yeye angemaliza matatu.

“Jana ulikula saa ngapi?” akauliza, akitazama barabara.

“Saa saba.”

“Na kabla ya saa saba?”

Niliendelea kutafuna.

“Na baada?”

“Baada ya hapo ningeonekana.”

“Na nani?”

Hapo nilimwambia yote. Pazia, kijiko, shuka, njia ya maji, saa za ofisi, shanga. Nilimwambia kwa Kiturkana, haraka, na yeye aliendelea kutafuna mpaka nikamaliza. Mtu wa huko Kenya angenipa pole, angesema utamaduni huu, utamaduni ule. Yeye hakusema pole.

“Kwa hivyo umetembea na kilo nane za uongo shingoni,” akasema.

“Ndiyo.”

“Sijui kama imerudi. Kamera ndiyo itasema. Lakini hata kama haijarudi, kwa hivi unavyokula utafika pale pale, na utafika wewe mwenyewe bila kusaidiwa na ugonjwa.” Akafuta mikono kwenye kitambaa. “Wacha niandike ukweli kwa barua, wasikupasue kutafuta kitu ulichokificha nyumbani.”

Aliandika. Nilibeba barua hiyo kifuani njia nzima. Kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe nilisafiri bila shanga kwa kupenda kwangu, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba nikifa sasa, angalau karatasi ina ukweli.

Kuhusu kamera nitasema kidogo. Ni mpira mrefu, unaumeza na hutaki kuumeza. Daktari ni yule yule kijana mpole, ila sasa alikuwa na ndevu. Alisoma barua kwanza. Akatazama picha muda mrefu, pale walipounganisha, juu na chini. Nilihesabu mabati ya dari, nikayamaliza, nikaanza tena.

“Safi,” akasema. “Pale tulipounganisha pamepona vizuri. Tumekata vipande vidogo vya kupima, lakini kwa macho yangu sioni kitu.”

Majibu ya vipande yalikuja baada ya wiki mbili, nayo yalikuwa safi. Lakini mimi nilikwisha kulia siku ile ile, kwenye kiti cha magurudumu, na huyo daktari akadhani koo linaniuma.

Nilirudi Kakuma na neno moja tu kichwani: kwamba ugonjwa umekaa mbali na mimi, na watu ndio karibu wamalize kazi yake. Nilikuwa na hasira ya kupasua jiwe. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia wifi, makali, mengi. Nilipofika nilikuta mbuzi anachinjwa, kuna wageni wametoka upande wa Todonyang. Nikaona maneno hayatatosha.

Nilimwambia anayechuna anipe tumbo zima na kipande cha utumbo, urefu wa mkono. Nikaviosha. Wanawake walidhani nataka kupika. Nikakaa katikati ya boma, mahali ambapo kila mtu anaona, nikaita, “Wifi, njoo unisaidie na uji.”

Alikuja na sufuria. Nikashika lile tumbo mdomo wazi. “Mimina.”

“Unafanya nini, wewe?”

“Mimina tu.”

Akamimina kikombe, cha pili, cha tatu, cha nne. Tumbo lilikaa mkononi kama mfuko, likataka zaidi. Nikaliweka chini. Nikafunga utumbo upande mmoja, nikaushika wima. “Sasa hapa.”

Alimimina kikombe kimoja. Nusu yake ilimwagika kwenye miguu yetu.

“Mimina tena,” nikasema.

“Hakuna nafasi.”

“Mimina, wifi. Ni chakula cha siku nzima. Usiwe mlafi na saa zako za ofisi, mimina kwa mara moja kama watu.”

Hakumimina. Alisimama na kikombe. Mama mmoja kati ya wageni, ambaye hajui habari zetu, aliuliza, “Huyo mbuzi ana ugonjwa gani?” na wengine wakaanza kucheka, halafu wakanyamaza kwa sababu mimi sikucheka. Safari hii sikucheka.

“Hivi ndivyo nilivyo hapa ndani,” nikawaambia. “Sufuria ya wote nitaendelea kuchangia kama zamani. Lakini hivi vikombe sita vidogo ni vya kwangu, nitavila hapa nje, mchana kweupe, na sitampa mtu. Anayetaka kunisema aniseme nikimtazama.”

Wifi hakuomba msamaha. Kwao hawaombi. Alichukua lile tumbo, akamwaga uji kwa mbwa, akaenda kulipika. Lakini siku ya pili, jua limepanda kiasi, nikiwa nafungasha vikombe vya chai, nilisikia sauti yake kutoka upande wa zizi, “Wewe mlafi, saa nne hiyo. Yai lako litatembea lenyewe?”

Bado ni wa tatu kwenye orodha yangu. Simtoi. Lakini yai nilikula.

Tangu hapo nimekula mara sita kila siku, kwenye kigoda changu, mbele ya watu. Si rahisi, msidhani. Kuna siku za njaa ambapo mtoto wa jirani anasimama mbele yangu hatua tatu, haombi, anatazama tu kijiko kikipanda, na samaki anakuwa mchanga mdomoni. Huyo nampa kutoka sufuria kubwa, baadaye, pamoja na wenzake. Kutoka kikombe changu simpi. Nimelia nikitafuna, na nimemeza.

Mwisho wa 2013 nilienda kliniki ya mwisho ya mwaka. Nilivua shanga mwenyewe kabla sista hajanyoosha mkono, nikaziweka kwenye beseni, nikapanda. Arobaini na tatu. Za mwili, za nyama yangu. Sista aliandika, akapigia mstari mara mbili. Alinichoma ile sindano nyekundu.

Daktari wa kliniki alisoma kadi yote. “Sasa usije kila mwezi,” akasema. “Njoo tu wakati wa kuchomwa sindano. Kamera kila mwaka. Ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka hii ya mwanzo, kwa hivyo tusilale. Lakini umevuka sehemu mbaya.”

“Na nikifika mitano?”

“Ukifika mitano utakuja kutusalimia.”

“Nitafika,” nikasema. Sikusema Mungu akipenda. Anajua ninamaanisha.

Nilitoka nje na kuvaa shanga zangu. Ilikuwa karibu saa saba, benchi limejaa watu, nikapata nafasi pembeni karibu na mwanamke wa makamo kama mimi, mwenye vumbi la safari ndefu. Nilifungua kopo langu: wali kidogo, samaki aliyepondwa. Nikaanza kutafuna.

Alitazama kopo, akatazama mdomo wangu. “Nakinai,” akasema, kama mtu anavyosema habari ya asubuhi.

“Hapana,” nikamwambia.

Aligeuka mwili mzima kuniangalia. Benchi lote lilisikia. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo usoni.

“Nikimaliza hiki,” nikasema, “tutaenda pale kwa mama wa chai, nitakununulia sahani yako nzima, na utakula kwa mara moja, kwa sababu wewe unaweza. Lakini hiki ni changu.”

Alifikiria. “Itachukua muda gani?”

“Nusu saa. Natafuna polepole.”

“Nusu saa kwa wali huo?” akasema, akajiegemeza ukutani kunisubiri.